Cheti Nilichojisainia Mwenyewe

Jumanne. Mvua ya mawe imekipiga kijiji chetu cha Ndama tangu saa nne, migomba imechanika kama nguo kuukuu, na mimi sikio la kushoto nimelifunga kitambaa chenye damu. Mkono wa kulia umevimba, naandika kwa wa kushoto.

Umevimba kwa kupiga, si kwa kupigwa. Ieleweke hivyo.

Shule niliishia darasa la tatu. Lakini nionyesheni mzee mwingine hapa kwetu mwenye blogu yake, anayeingia kwenye seva mwenyewe na kuandika amri kwa kidole kimoja. Hayupo. Binti yangu Koku, anayetengeneza kompyuta pale Bugene, alinionyesha mara moja tu. Mengine nimeyang'oa mwenyewe kwa hasira.

Humu nina ukurasa wa mipaka ya kibanja alichotuachia baba. Kuna picha ya kila mramura, ule mti tunaopanda mpakani, na picha ya karatasi ya wazee wa ukoo yenye dole gumba langu na la mdogo wangu Byabato. Karatasi yenyewe mchwa waliila. Imebaki picha.

Sasa, blogu lazima iwe na cheti. Ndicho kinachoiambia simu ya mgeni kwamba hapa kweli ni kwa fulani, ndipo maneno yanafungwa kwa siri njiani, mwizi asiyasome. Koku alisema cheti kinatolewa na watu wanaoaminika na simu zote. Nikamuuliza, mimi nithibitishwe na watu ambao hata Kayanga hawajafika? Nikatengeneza changu, nikajisainia mwenyewe, nikakipa miaka kumi. Na ule mlango wa seva namba themanini, wa zamani usio na kufuli, nikaufunga kabisa.

"Baba, simu za watu zitakikataa hicho," akasema.

Nikamwambia zikikatae, nitazipiga.

Yangu niliilazimisha ikubali siku ile ile. Za watu sikuwahi kuuliza.

Leo asubuhi, kabla ya mawe, Byabato alishuka kwenye bodaboda kutoka Kibingo, anakoishi siku hizi. Ana panga. Anataka kupanda kahawa hatua sita ndani ya upande wangu. Anasema mpaka nimeusogeza. Mimi! Nikamwambia atoe simu yake, afungue blogu yangu, aone dole gumba lake mwenyewe.

Akafungua. Simu ikawa nyekundu. Akasoma kwa sauti, majirani wote wasikie, kwamba muunganisho si salama, huenda kuna mtu anajaribu kukuibia.

"Mmesikia? Hata simu inamjua! Mwizi!"

"Bonyeza uendelee, mpumbavu wewe!"

"Nibonyeze, kaka, uniibie na simu?"

Watu wakacheka. Akageuka, akaukata mramura aliopanda baba. Panga mara tatu, ukalala chini.

Nikampiga.

Nilimpiga kwa mpini wa jembe, mkononi, na mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Panga lilipokuwa linamtoka likanipitia sikioni. Sikusikia maumivu. Akaanguka kwenye mibuni, nikampiga tena, begani, nikaikanyaga ile simu mpaka kioo kikawa unga. Nilikuwa nimeinua mpini mara ya tatu, na sasa nilikuwa nalenga kichwa, naandika ukweli, nalenga kichwa, mke wangu alipojitupa juu yake. Bila yeye, leo ningeandikia rumande.

Walimbeba kwenye bodaboda kumpeleka hospitali, amekaa katikati ya watu wawili, mkono unaning'inia. Hakulia. Aliniangalia tu.

Nilirudi ndani natafuta cha kuvunja. Seva haiko hapa, nimeikodi, iko nchi nisiyoijua. Ingekuwa hapa ningeipasua kwa shoka.

Mchana Koku alifika, amelowa chapachapa. Alinipa shikamoo bila kunitazama. Akaweka kompyuta mezani, akasema, "Ulipomposa mama, baba, ulijipeleka mwenyewe?"

Anajua kisa chote. Mara ya kwanza nilijipeleka kweli, bila mshenga, na shemeji zangu wakanitoa kwa fimbo mpaka barabarani.

Tukaanza. Kumbe hao watoa vyeti hawaulizi umesoma wapi. Wanakupa neno uliweke ndani ya seva yako, halafu wanakuja wenyewe kubisha walisome. Wakilikuta, wamejua nyumba ni yako. Mara ya kwanza ikagoma. Koku akatafuta sababu, akanigeuzia kioo. Wanabisha mlango wa themanini, ule niliouziba kwa kujidai. Nikapiga meza ngumi kwa mkono huu huu mbovu.

Nikaufungua. Nikauelekeza kwamba yeyote mwingine anayeingia hapo apelekwe kwenye mlango wa kufuli. Nikazinyonga namna mbili za zamani za kufunga siri, nikabakiza mbili mpya. Ufunguo wa siri nikaufungia, asiusome mwingine. Amri zote niliandika mwenyewe, Koku alikaa tu. Cheti kikaja. Hakina miaka kumi, kina siku tisini, na kitakuwa kinajihuisha chenyewe.

Tukafungua kwa simu ya mke wangu. Hakuna wekundu. Dole gumba la Byabato likatokea pembeni mwa langu, safi kabisa.

Nilitaka kumtumia aone. Simu yake iko kwenye matope, vipande.

Mpaka ni ule ule. Sirudi nyuma hata nusu hatua, na mramura nitapanda mwingine pale pale. Lakini kesho naenda hospitali kumwona mdogo wangu, na kwa niliyoyafanya sitapokelewa nikijipeleka. Lazima atangulie mtu wa kusema, huyu namjua, namsimamia.

Maneno hayo nimesemewa mara moja tu maishani. Shemeji zangu waliponifukuza, kuna mtu alitembea siku nzima kwa miguu, akasimama mbele ya wazee wao akayasema, nikapewa mke.

Alikuwa Byabato.