Tonge Dogo la Papa

Papa wangu,

Jumamosi tulikwenda mtaa wa Hewa Bora kwa wakwe wapya. Mjukuu wako Bea anaolewa, sikia hilo kwanza ufurahi. Meza ilipoandaliwa wakaniwekea bukari kubwa, ugali ule wa kumwonyesha mgeni kwamba anaheshimiwa, na mama mkwe akakaza macho kwenye vidole vyangu. Hapo nikakukumbuka, nikacheka peke yangu.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka hospitali na habari ya sukari? Ulikaa barazani na kofia yako ya reli kichwani, umenuna. "Banasema nipunguze bukari. Miye mutoto ya Katanga, nitakula nini? Majani?" Kesho yake ukaamuru nyumba nzima iache unga wa mahindi, tupike wa mihogo mitupu, maana ulikuwa na hakika sukari inakaa kwenye mahindi. Tukala bukari ile nzito inayovutika, wiki baada ya wiki, nawe ukijisifu kwa majirani. Kipimo kikapanda. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Papa, mihogo nayo ni sukari tu!"

Mwingine angeona haya, akarudia sahani yake ya zamani. Wewe ulifika nyumbani, ukavua kofia, ukasema, "Bon. Tuanze tena." Nilikupenda sana siku hiyo.

Ukaanza na tonge dogo. Ukanifundisha na ujanja wa ugenini: usikatae, maana aliyepika ataumia. Kata tonge kama gololi, chota sombe nyingi, yale majani ya mihogo, tafuna polepole, sifia mboga, na usinawe mpaka wengine wote wamenawa. "Batu beko naangalia mukono," uliniambia, "hapana tonge."

Na kutembea je! Mwanzo ulikwenda mpaka stesheni kila asubuhi. Magoti yalipogoma ukabaki na mitaa ya Kamalondo, ukisalimia mafundi cherehani mmoja mmoja. Mwishoni ulizunguka ua wa lupango letu tu, mkono ukutani, na mvua ikinyesha uliingia ndani ukazunguka meza. Mama alikutania kwamba umepotea njia ya chumbani. Ulipunguza, ukageuza, lakini hukuacha. Tulikuzika na miguu yako yote miwili, na hadi wiki ya mwisho ulisoma kitabu chako cha sala bila kuazima macho ya mtu.

Sasa sukari imenijia mimi. Niliogopa macho, Papa. Fundi asiyeona tundu la sindano atashona nini? Na gauni la Bea nimelitamani tangu nilipokuwa nambeba mgongoni, nilishone mwenyewe, asilishone mwingine. Basi nikachukua njia yako, nikaikata upya inikae mimi. Asubuhi wateja wananiwahi, kwa hiyo natembea jioni nikishafunga duka. Wakati wa Pasaka nililegea, nikala kama zamani, na mwili ukanijibu vibaya. Nikasema "Bon" kwa sauti yako, nikaanza tena.

Kwa hiyo pale Hewa Bora nikakata gololi zangu. Wengine walishanawa, mimi bado natafuna na kusifu samaki wao wa Kilwa ya ziwani. Mama mkwe akapiga makofi: "Mama Bea, weye unajuaka kukula!" Wala hakuona kwamba bukari yake ilikuwa karibu nzima. Najivunia wewe, Papa. Najivunia na mimi mwenyewe, sioni haya kusema.

Wiki hii daktari amenichungulia macho, akasema ni mazima. Jana, baada ya matembezi yangu, niliketi kwenye cherehani na kitambaa cheupe magotini. Bea akaona nimeshika uzi na sindano, akanyoosha mkono anisaidie.

"Acha," nikamwambia. "Niko naona."

Pumzika vizuri, Papa.

Binti yako, anayekula kama wewe