Mashine ya Régina na Mashine ya Ramazani

Kasongo, Jumatano

Kwako Yaya Nuru, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote wanaokula katika chungu chako. Homa yako imeisha kweli? Motari, yule dereva wa pikipiki aliyeniletea mpunga, alisema umepona na umesharudi sokoni, lakini motari huyo huyo alisema pia kwamba barabara ya Kabambare sasa ni nzuri, kwa hiyo nangoja neno lako mwenyewe. Mimi ni mzima. Mvua zinanyesha, paa la kituo chetu cha redio linavuja juu ya meza ya Roger, mkurugenzi wetu, wala si juu ya yangu, na chakula kipo.

Nakuandikia haraka kwa sababu habari zangu ziko njiani kuja kwako katika midomo ya motari, na nataka uzipate kwangu kabla hazijaota mkia. Nivumilie, nianze mwanzo. Nikianzia mwisho utaniona nimerukwa na akili. Ni habari ya mashine mbili za kuchezea michezo kwenye televisheni. Ndiyo, Yaya. Nimetangaza habari za vita, za kipindupindu, za madaraja yaliyochukuliwa na maji, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna habari iliyonichosha kama hii.

Mtaani kwetu kuna kumbi mbili za michezo, zinatazamana, barabara iko katikati. Mmoja ni wa Ramazani, yule mwenye duka la vitenge ambaye ukoo wake uko Kasongo tangu enzi za misafara. Ana PlayStation 4. Wa pili ni wa Régina, mwanamke kutoka Wamaza, ambaye zamani alikuwa akipeleka mawese Salamabila kwa wachimba dhahabu. Alipochoka na barabara aliuza kila alichokuwa nacho, akanunua Xbox One, televisheni, betri na paneli za jua. Hana kitu kingine. Vijana wa mtaa wanatosha ukumbi mmoja, hawatoshi miwili, na kila mtu anajua kwamba mmoja utafungwa. Ukifungwa wa Ramazani, atabaki na vitenge vyake. Ukifungwa wa Régina, atarudi kubeba bidoni za mawese.

Mabishano yakaanza kwa vijana. Wa upande wa Ramazani wakasema mashine yao iko na nguvu kupita ile nyingine. Wa upande wa Régina wakajibu kwamba yao ndiyo ilitengenezwa kwa gharama kubwa, na kitu ya bei ndiyo kitu ya nguvu. Hapo ndipo ingeishia katika mji wenye akili. Huku kwetu ikavuka ikaingia kwa watu wazima. Nimesikia wanaume wakibishana baada ya sala ya Ijumaa, viatu mkononi, na Jumapili nikawasikia wengine nje ya parokia wakisema maneno yale yale. Ramazani aliiita mashine ya Régina sanduku la sabuni. Régina akamjibu kutoka upande wa pili wa barabara kwamba ya Ramazani, kwa vile imekaa upande upande, ni tofali lililokatwa na mlevi. Watu walicheka siku nzima, na wageni wakaongezeka kote kuwili, kwa hiyo wala hakuna aliyetaka kunyamaza.

Kisha akaja Musafiri, yule mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, amekuja mjini kwa mambo yake. Alisikiliza, akasema mabishano haya ni ya watoto, akatuma mizani iletwe. Yaya, nilikuwepo. Mashine mbili za michezo zikapimwa kama dhahabu, mbele ya watu zaidi ya mia, na ile ya Régina ikawa nzito zaidi. Musafiri akatangaza kwamba kitu kizito ndicho kina kitu ndani. Upande wa Régina wakapiga vigelegele. Upande wa Ramazani wakasema hata jiwe la kusagia ni zito na halichezi mpira. Jioni hiyo vijana wawili walitoana damu puani, na mkuu wa mtaa akaja redioni kumwomba Roger tumalize jambo hili hewani, kwa uchunguzi wa kweli.

Roger akanipa mimi. Alisema mimi ndiye mtu pekee Kasongo ambaye hakuna anayejua anashabikia nini. Ramazani akakubali. Régina naye akakubali, ila alinitazama kidogo kabla ya kukubali.

Kazi nikaifanya. Mashine zote mbili zilitoka mwaka mmoja, 2013. Kwa nguvu ya kuchora picha, ile ya Ramazani hufanya hesabu trilioni moja nukta themanini na nne kwa sekunde, ile ya Régina trilioni moja nukta thelathini na moja. Hapo hakuna ubishi. Kuhusu gharama, wako wachunguzi waliozifungua zilipotoka, wakahesabu kipande kwa kipande. Walikadiria kwamba kutengeneza Xbox kulimgharimu mtengenezaji dola 471, na PlayStation dola 381. Dukani zikauzwa 499 na 399. Maana yake kila mtengenezaji hakubakiwa na kitu kikubwa katika mashine yenyewe, na iliyokula fedha nyingi zaidi ndiyo dhaifu. Sababu yake kubwa si ya ajabu. Ndani ya sanduku la Xbox waliweka kamera ya kumtazama mchezaji, na kamera peke yake ilikadiriwa kuwa ya dola sabini na tano hivi. Kamera hiyo Kasongo haijafika. Iliachwa mahali fulani njiani, kama vitu vyetu vyote.

Nilijaribu kuwaeleza vijana kabla ya kipindi. Mmoja akaniambia, kwa heshima, Baba Souley, muzungu si mupumbafu, hawezi kutia feza mingi apate kitu kidogo. Nilimjibu kwamba kuhusu akili za wazungu sina takwimu. Nikarudia maelezo ya kamera mara ya pili. Akauliza, sasa hiyo kamera iko na nguvu gani? Nikaenda nyumbani.

Lakini katika kuchunguza nilipata jambo la tatu ambalo hakuna aliyeuliza. Niliazima kipimo cha umeme cha fundi wetu wa redio, nikakifunga kwenye kila mashine mechi ikiendelea. Ya Ramazani ilivuta karibu wati mia na arobaini. Ya Régina ilivuta mia na kumi na kitu. Huko zilikotengenezwa, tofauti hiyo hakuna anayeiona. Hapa, ambapo Ramazani anaendesha grupu, yaani jenereta, kwa petroli inayokuja na malori yanayokwama, na Régina anategemea jua na betri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mechi itafika mwisho au itazimika ukiwa mbele ya goli. Kwa mchezaji wa mtaa wetu hilo ni kubwa kuliko trilioni zote. Mwandishi wa habari anayelijua na kuliacha hajafanya kazi yake.

Nikaiandika. Nikaisoma mara mbili, nikaenda kwa Roger nikamwambia karatasi iko tayari lakini mimi sitaisoma. Akauliza kwa nini. Nikasema sababu ipo na ni yangu. Akacheka, akauliza Ramazani amenipa kitenge cha rangi gani. Nilimwambia aisome yeye, asiongeze wala asipunguze neno.

Akapunguza. Jumamosi alisoma nguvu, akasoma gharama, na alipofika kwenye umeme akakata, kwa sababu kulikuwa na matangazo matatu ya msiba na mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nilipomfuata akasema watu hawakuuliza habari za umeme. Nikamwambia watu hawakuuliza pia habari za mbuzi. Akasema mbuzi wamelipiwa.

Jumapili ukumbi wa Ramazani ulijaa hadi barabarani. Kwa Régina kulikuwa na watu wawili waliokuja kuchaji simu. Yeye aliketi mlangoni akimenya karanga. Nilipita, nikasalimu, akaitikia akiwa anatazama karanga. Jumatatu ikawa vile vile, na mtu mmoja akawa ameshaanza kuulizia bei ya televisheni ya Régina.

Sasa nakuambia sababu, Yaya, na nisamehe kwamba hukuisikia mapema. Mwezi wa Ramadhani ulipoisha nilimwomba Régina akubali niwe mume wake. Alisema atafikiri. Alikuwa bado anafikiri walipotuletea jambo la mashine, na mimi, kwa ujinga, nikadhani uchunguzi wa mashine hauwezi kugusa jambo hilo. Kama ningesoma habari ya umeme huku nimeficha hilo, ningekuwa mtu anayemsaidia mchumba kwa mdomo wa redio. Nilipojiondoa nikadhani nimemaliza, kumbe nimemwacha peke yake mbele ya nusu ya ukweli, na nusu hiyo niliikusanya mimi.

Kazi yetu ina kanuni moja kwa hali kama hii, nami nimewafundisha vijana wengi wa redio: mwenye upande autaje upande wake kwanza, kisha aseme, na msikilizaji apime. Jana, Jumanne, katika kipindi changu cha bei za soko, nilitaja jina langu. Nikasema kwamba kabla sijaendelea, msikilizaji ajue ya kuwa nimemposa Régina, mwenye ukumbi wa michezo, na kwamba hajanijibu. Baada ya kujua hivyo, nikasema, pima mwenyewe yafuatayo. Nikasoma wati, nikaeleza betri na petroli. Kisha nikasoma bei ya mpunga, ya mihogo na ya mawese.

Nilipotoka, Roger alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, hanywi. Alisema miaka yote tumefanya kazi pamoja nimetangaza jambo moja tu la kusikilizwa, na nimelichomeka kati ya mbuzi na mihogo. Ramazani akapiga simu. Alisema kwa habari ya umeme amekubali, lakini aambiwe yeye atashindana vipi, maana mashine yake hakuna mwandishi anayetaka kuioa. Tangu hapo ananiita bwana harusi wa Xbox, na watoto wa mtaa wamelidaka. Ukumbi wa Régina umejaa nusu. Wengine wamerudi kucheza, wengine wanakuja kumtazama usoni, na amesema kutazama nako kunalipiwa.

Yeye mwenyewe alikuja redioni alasiri. Hakuketi. Aliuliza nani amenituma. Alisema tangu asubuhi hajauza hata dakika moja ya mchezo bila kuulizwa kama amejibu. Alisema mimi ni mtu ambaye hawezi kusema mvua itanyesha mpaka apate mashahidi wawili, na jambo moja lililokuwa la watu wawili nimewagawia wilaya nzima. Nilimwambia yote hayo ni kweli. Akasema anajua ni kweli, hakuja kuthibitishiwa. Mwisho akasema jibu lake halipiti hewani wala halipiti mlangoni pa redio. Kama nina watu, watu wangu waende Wamaza, kwa baba yake, mzee Asani, wabishe hodi kama inavyotakiwa. Akaongeza kwamba yeye ni Mkatoliki na atabaki hivyo, na hataki kulijadili hilo na dada wa mtu yeyote. Alikusudia wewe, niwie radhi.

Yaya, mimi nina watu gani zaidi yako? Wazazi hawapo. Nakuomba umchukue mjomba muende Wamaza mkiwa wawili, kwa pikipiki. Nitapanga na motari mimi mwenyewe. Msiende na maneno makubwa. Mzee huyo anayo redio, na Régina anasema kitu kitakachomkasirisha ni kugundua baadaye kwamba alidanganywa kwa adabu. Kwa hiyo waambie nina miaka hamsini na tatu. Mke wangu alifariki, watoto wangu wawili ni wakubwa, wako Kindu. Nina shinikizo la damu na dawa nakunywa ninapokumbuka. Nyumba ni ya matofali, chumba kimoja hakina saruji. Redio hulipa ikiwa nacho. Msikitini naenda, ila si kama marehemu baba alivyotaka. Usiseme mimi ni mkurugenzi. Najua utataka kusema.

Na najua pia kwamba ukishafika pale, ukishapewa kiti na maji, utashindwa kujizuia, utaanza kunisifu. Sikukatazi. Ila waambie kwanza kwamba wewe ni dada yangu, kwamba ulinilea na una upande. Kisha sema unachotaka, nao watapima.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mkwe wako, na jirani zako wote isipokuwa yule aliyesema sitaoa tena. Huyo usimwambie kitu mpaka mrudi. Afya yako itunze, dawa maliza hata ukijiona umepona. Nakungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Souleymane