Mke wa Karatasi na Koti la Mkono Mmoja

Mshauri wangu mpendwa, wanaonijua watashangaa kusikia naomba msaada, maana mimi ndiye dereva wa lori ambaye madereva wenzake humjia kwa ushauri, nimevuka mipaka mpaka pasipoti imeishiwa kurasa, nasalimia kwa lugha sita, shule niliiacha mapema lakini ramani ninayo kichwani, ila safari hii nimekwama kwenye kaunta ya msajili wa ndoa.

Yupo fundi cherehani, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na nikiwa safarini mlio wa cherehani yake nautafuta kwenye injini nzima nisiupate. Mwaka huu nikajikaza nikamwambia, akakubali, akanipima koti la harusi. Mkono mmoja ameshona, wa pili akasema, "Baba Safari, huu nitauweka siku tangazo letu la ndoa likibandikwa ubaoni kwa msajili, usije ukavaa ukanikimbia."

Sasa sikia kosa langu. Nilipoomba kazi, tajiri aliajiri wenye wake tu, eti mwenye mke hurudi na gari. Nikaandika nimeoa, na jina la mke nikanakili lililoandikwa kwa rangi kwenye bampa ya lori lililoegeshwa pale nje ya dirisha. Fomu hiyohiyo ikaja kunipatia kitambulisho cha taifa. Nilipokwenda kuandikisha ndoa, karani wa msajili akatazama kompyuta yake. "Mke wa kwanza yuko wapi? Lete talaka au cheti cha kifo."

"Hayupo."

"Hayupo amefariki, au hayupo amesafiri?"

"Dada, hajawahi kuzaliwa!"

Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akanirudishia fomu zangu. Mchumba nimemwambia karani yuko likizo, wiki ya tatu hii, na kila asubuhi nasimama mbele ya ubao ule nasoma majina ya watu wengine wawili wawili, halafu narudi chumbani nasikiliza cherehani inashona nguo za wenzangu. Dereva mwenzangu anamjua mtu wa kuchapa cheti cha kifo. Je, nimzike huyu mke?

Dereva Niliyekwama

Wewe dereva, pole, na acha ujinga. Umeoa bampa, sasa unataka kuifanyia mazishi! Cheti cha kughushi kitakupeleka jela, na huyo fundi atabaki na ndoa isiyosimama popote. Mwambie rafiki yako akae na huyo mtu wake wa mihuri.

Nenda kwa wakili, ule kiapo cha maandishi kwamba hujawahi kuoa. Mchukue dada yako mkubwa, au yeyote aliyekujua tangu utotoni, akathibitishe. Tajiri mwambie ukweli, mbona gari umemrudishia miaka yote bila mke, akuandikie barua. Zipeleke ofisi ya vitambulisho wakurekebishie, ndipo urudi kwa karani. Itachukua muda. Foleni za mipakani umezizoea, hii itakushinda nini?

Ila usianze na wakili. Humwogopi karani wewe, unaogopa kuonekana mdogo mbele ya mwanamke aliyekuzungushia futi kamba akakijua mpaka kitambi chako. Vipimo vyako anavyo tayari. Leo hii kagonge mlango wake, omba kulijaribu hilo koti, na ukiwa umelivaa mweleze yote, na bampa usiiache. Akicheka, nendeni ofisini pamoja. Akikasirika, simama hapohapo mpaka amalize, na usitikisike: pini anazo yeye.