Kicheko cha Abbo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tena leo! Abbo, shoga yangu wa benchi sokoni, ameigiza mzee aliyejaribu suruali juu ya kanzu — nikacheka, mkojo ukanitoka. Hedhi inakuja itakavyo, joto linanipanda ghafla, na sasa hili. Miaka 48! Nimejifunga leso, nikasema chai imenimwagikia.

Jumatano, 5 Machi
Nimehamishia mitumba yangu upande wa pili wa soko. Nimemwambia Abbo moshi wa njugu anazokaanga unaniumiza macho. Uongo. Miaka kumi na moja, benchi moja!
Sijanywa maji tangu asubuhi. Nitakunywa jioni nikivuka mpaka kurudi nyumbani Kenya.

Ijumaa, 7 Machi
Abbo amenifuata na sufuria. "Mama Marion, leo nachemsha njugu. Moshi hapana. Sasa unarudi?"
Nimeshindwa kumtazama.

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki. Sista Teopista hakushangaa hata kidogo. Misuli inayoshikilia kibofu imelegea. Kwa umri huu ni kawaida, ila si jambo la kuvumilia tu. Bana kama unayezuia mkojo na ushuzi, hesabu mpaka tano, achia kabisa. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Nitoe pumzi ninapoinua belo la mitumba. Nibane kabla ya kupiga chafya. Na maji ninywe! Mkojo mzito unakichokoza kibofu.
Nafuu huenda ikachukua miezi mitatu. Miezi mitatu bila Abbo?

Jumamosi, 29 Machi
Nabana kwenye foleni ya mpakani. Askari ameuliza mama, mbona umenuna? Jared amenijazia chupa ya maji, hakuuliza kitu. Mume wangu huyu!
Wiki hii mkojo umenitoka mara mbili tu.

Jumanne, 8 Aprili
Nimerudi benchini. Nimemweleza Abbo yote. Naye: "Kwani mimi navaa sketi mbili sababu ya baridi?"
Tangu lini? Tangu amzae Ochwo. Ochwo ana miaka ishirini!
Nimemfundisha. Tumekaa bega kwa bega, tunabana. Mteja ameuliza bei ya blauzi — hakujibiwa mpaka tulipofika tano.
Naandika hapa hapa. Mdomo wa Abbo umeanza kucheza. Naijua dalili hiyo. Anasema funga kitabu, Mama Marion, yule mzee wa suruali amerudi, na leo amekuja na bibi yake —
Ngoja, Abbo! Nibane kwanza. Moja, mbili