Rangi Tumekuachia Wewe

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kabla sijakumwagia maneno, nieleze kwanza hali yako. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko imepungua au bado mnalala na soksi? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, anatembea vizuri, na kwa ubishi ndiyo usiseme.

Nina habari ya kukufurahisha: dada yako anachora tena. Unajua macho yake yalipoanza kufifia alikusanya karatasi zake akaziweka juu ya kabati, na kule kiwanda cha vitambaa wakamuaga kwa keki na saa ya ukutani ambayo hata mishale yake haioni. Miaka miwili hakushika kalamu. Nyumba ilipoa, Mama Mdogo, nami niliuogopa ule ukimya kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi nikamnunulia kishikwambi chenye kalamu yake. Siku ya kwanza alikitazama kama mkwe asiyemtaka. Nikamwonyesha kwamba ukitanua vidole viwili juu ya kioo, mchoro unakua mpaka jani moja linajaa kioo kizima. Akatanua, akarudisha, akatanua tena. Halafu akaniomba nimpishe kwenye kiti changu, na mpaka leo sijarudishiwa.

Alianza na ua moja. Alilichora wiki mbili, kila mshipa wa kila jani. Nilipolipeleka kiwandani wakalichapa kwenye kipande cha kitambaa, likatoka dogo kama punje ya dengu, maana muda wote alikuwa amelikuza akasahau ukubwa wake halisi. Mpiga chapa akauliza kama ni uchafu. Nilidhani Mama atavunjika moyo, kumbe alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake akaanza upya, safari hii akipima kwa rula kila baada ya muda.

Sasa mchoro umekamilika, na ni mzuri. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Ni matawi yanayopandana, na maua yaliyofumbuka nusu. Yeye kachora kipande kimoja tu, mashine inakirudia mpaka kitambaa kiishe, na pale vipande vinapokutana huoni kiungo. Jungu kuu halikosi ukoko. Mkuu wa wachoraji ameukubali kwa mapazia ya mwaka huu, ila anataka uwe na rangi kabla ya mwezi kwisha. Tukichelewa, atachukua wa mtu mwingine.

Hapo ndipo tulipokwama. Mama alipaka rangi mwenyewe asubuhi nzima, kisha akaniita kwa furaha nije nione majani yake ya kijani. Yalikuwa ya zambarau, yote. Nilisimama nyuma ya kiti, na mimi unayenijua kwa maneno mengi nikapata mawili tu. Nikasema ni mazuri. Akaniuliza taratibu ni ya rangi gani. Sikuweza kumdanganya mara ya pili.

Nilidhani atalia, nikalia mimi. Nilijitolea kumpakia, akakataa. Nikamkumbusha kwamba kiwandani wapo mafundi wazuri wa rangi, akakataa kwa ukali zaidi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mtumie mdogo wangu," akasema. "Miaka yote ile mimi nilichora mistari, yeye akatia rangi. Hata nilipokuwa naona, rangi nilimwachia yeye."

Hajawahi kukwambia, najua, na pengine atanigombeza kwa kukufungulia siri. Lakini tangu ulipohama, hakuna kitambaa chake hata kimoja alichokipenda. Kila kilipotoka mashineni alikishika, akakikunja, akasema rangi zimepooza. Alikuwa anakukumbuka wewe, basi tu hakujua kulisema.

Mchoro nimeutuma kwa mkweo, mwenye kishikwambi kama chetu, akufungulie. Mistari ya Mama iko kwenye tabaka lake, na chini yake nimeacha tabaka tupu, mfano wa karatasi mbili nyembamba zinazoonyesha upande wa pili, zilizolaliana. Paka humo upendavyo. Hata ukikosea mara mia hutagusa mstari wake. Usikiogope chombo. Kama yeye amekiweza na ubishi wake wote, wewe utakiweza.

Baba anakusalimu sana, anasema nyumba haina wa kumtania tangu uondoke. Jirani mshonaji naye anakusalimu, na ule mkasi wake uliosafiri nao amekusamehe. Nisalimie Baba Mdogo, mkweo, na wajukuu wote, hasa yule mtundu.

La mwisho ni ombi la Mama mwenyewe. Ukimaliza, usiandike. Mpigie simu, umtajie rangi moja baada ya nyingine, jani kwa jani, bila haraka. Anasema akizisikia kwa sauti yako, ataziona.

Mungu akutunze, na mikono yako aibariki.

Wako akupendaye,
Cherehani, mwanao asiyeishiwa uzi.