Nguo ya Madoadoa Iliyokuficha Hata Kwetu

Mpendwa Baba Violet,

Barua zangu zote kwako nilizianza kwa kusema natumaini u mzima kama sisi tulivyo wazima. Leo kalamu imekwama hapo hapo. Kama u mzima sijui, na sisi huku si wazima, tunajikaza tu. Kwa hiyo nianze na jambo lenyewe: mama yako na shemeji Shadrack walikuja jana kutoka kwenu Maragoli, na Jumamosi wanakuzika.

Watakuzika bila wewe. Wataukata mgomba nyuma ya jiko la mama yako na kuulaza kaburini mahali pako, kama inavyofanywa kwetu mtu akipotea na mwili wake usipatikane. Baada ya hapo hesabu yako imefungwa. Na wanataka kuuvisha mgomba huo kombati yako, ile sare ya jeshi uliyoniachia nishone mkono.

Unakumbuka siku uliyokuja na kombati hizo? Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupiga chai, uwanja wote mweupe, nawe ukaingia na begi begani ukicheka kabla hata ya kusalimia. "Mama Violet, leo nimekuletea maajabu." Ukatoa jozi mbili za kombati mpya, zile zilizochukua nafasi ya sare za kijani kitupu ulizovaa tangu uandikwe jeshini. Ukazitandaza kitandani. Mabaka ya rangi ya mchanga, mengine ya udongo mkavu, mengine ya majani yaliyoungua na jua. Nikakuuliza kama serikali imekosa kitambaa cha rangi moja, na wewe ukacheka mpaka Violet akaamka.

Hukutulia. Chai ukaiacha ipoe, ukavaa, ukatuambia tutoke nje tukaone. "Mimi nikiingia hapo, hakuna mtu ataniona." Ukakimbia ukachuchumaa katikati ya chai, mzee mzima na cheo chako. Lakini chai ya Kericho si nyika, baba. Inachumwa juu mpaka inakuwa sawa kama meza, kijani kimoja kutoka nyumba zetu mpaka ukingo wa msitu, na chochote cha rangi ya udongo kikiingia humo kinapiga kelele. Mama Chepkoech, jirani yetu, wala hakushusha kikapu mgongoni, akapaza sauti kwa lafudhi ya kwao. "Papa Violet! Doka hapo, unakanyaga chai! Dunakuona kama ng'ombe kwa shamba!" Wachumaji wote wakaangua kicheko. Ulitoka umelowa mpaka mapajani, ukasema hapa si mahali pake, ngoja uende nayo kaskazini ndipo ionyeshe kazi. Nami nilicheka na wenzangu, nikashika mbavu.

Sasa ukitaka nikuambie ukweli, nguo ile ilikuwa na mazuri yake. Nilikuwa nikizifua mimi, siwezi kuzisingizia. Ile sare ya zamani ilinitoa jasho: wanga, pasi ya makaa, na mkunjo wa suruali unyooke kama uzi, la sivyo sajenti wako akupigie kelele. Cheche moja ikiruka, shati limekwenda. Hii mpya niliifua tu nikaianika chini ya mabati, na hata kwa baridi yetu ya mwezi wa saba kesho yake imekauka. Uchafu haukuonekana. Nilimwaga maji mekundu kama ya mtaro, shati likabaki vile vile. Na ile mifuko ya mapajani! Eliud alikuwa akiipekua kabla hujaketi, kwa sababu alijua peremende zinakaa upande gani.

Mabaya yake nayo niliyaona. Kola ilikukwaruza shingo. Vifungo vilishonwa kwa haraka na mtu aliyetaka kwenda nyumbani, nikavirudia vyote kwa uzi wangu. Ulisema jua likiwaka inapika mtu. Hayo yote ni madogo, na ningeyanyamazia. Kilichonikaa moyoni ni kwamba nilikuwa nikikutambua kwa kiraka nilichokushonea kwenye kiwiko cha ile sare ya kijani, hata ukiwa mbali katikati ya wenzako. Kwenye hii mpya kiraka chochote kilimezwa na mabaka. Siku ile lori la jeshi liliposimama mjini Litein, Eliud alikimbia akiita baba, baba, kwa kila mwanajeshi aliyeshuka, na wote walikuwa wewe.

Halafu ile jioni ya mwisho. Nilikuwa nafua, wewe umekaa kwenye kiti kidogo unapiga viatu rangi, ukawa unaisifu. Ukasema, "Hata damu haionekani vizuri juu yake." Ulisema hivyo kama mtu anayesifu sufuria isiyoshika masizi. Nikaacha sabuni. Nikakuuliza ni nani huyo asiyetakiwa kuiona.

"Adui. Na wenzangu pia, wasishtuke."

"Mimi ningetaka kuona," nikakuambia.

Ukaendelea na kiatu. Ndipo nikakupa wazo langu. Nilikuambia sisi wachumaji tunafungwa aproni za plastiki za manjano kiunoni kwa sababu ya umande, lakini zina kazi nyingine ambayo hakuna aliyeipanga. Mama Chepkoech alipoangushwa na malaria katikati ya chai, tulimpata kwa aproni. Mtu ameanguka chini ya miche, hasikiki, lakini manjano yakatuita. Nikasema nikushonee kipande kama hicho ndani ya shati, karibu na moyo, ukipatwa na jambo uligeuze nje uonekane. Hukunicheka. Ulifikiri kwanza, nakumbuka ulivyoshika brashi bila kupiga. "Mama Violet, ukinishonea kitu cha kung'aa, siku moja kitachungulia bila mimi kujua. Anayenitafuta vibaya ndiye ataniona wa kwanza. Hii nguo inanirudisha nyumbani." Nikarudi kwenye sabuni, kwa sababu ulisema kweli. Mpaka leo sijapata jibu, na nimelitafuta kweli kweli.

Ukaondoka na jozi moja. Ya pili ilikuwa imechanwa mkono na seng'enge, ukasema utaichukua likizo ijayo.

Aliyeleta habari ni rafiki yako Koplo Mutiso. Alikuja bila sare, nikajua kabla hajafungua mdomo. Alisema mlikuwa doria huko karibu na mpaka, mkashambuliwa kwenye visima, mkatawanyika, na walipokusanyika wewe hukuwepo. Ndege ikatumwa kutafuta. Nikamwambia basi ndege si inaona mbali? Akaangalia sakafu. "Mama, hiyo nguo ni nzuri sana, na hiyo ndiyo shida. Tulipita juu ya watu wetu wenyewe na hatuwaoni. Mmoja tulimpata kwa sababu alivua shati akapunga fulana nyeupe ya kwake." Nikamuuliza wewe ulivaa fulana gani. Hilo nililijua mwenyewe. Nilizifua mimi. Fulana zenu nazo ni za rangi ya udongo.

Basi tangu siku hiyo, baba Violet, ninaishi na picha hiyo. Ndege inapita, wewe uko chini, unainua mkono, na mkono wenyewe ni mchanga, ni kichaka, ni kivuli. Huenda umekaa hapo, unawaona wanavyokutafuta. Nikifikia hapo huwa natoka nje hata kama mvua inanyesha.

Mvua za masika zimekuja zikaenda, zikaja tena. Nimesimama kwenye kibanda cha simu pale Litein mpaka wenye foleni wakanitukana. Mwanzo waliniambia unatafutwa. Baadaye wakaniambia nisubiri. Mara ya mwisho kijana mmoja mwenye sauti ya adabu aliniambia kama nina kifaa chochote cha jeshi nyumbani nikirudishe, maana ni mali ya serikali na raia haruhusiwi kukaa nacho. Nilimwambia nitarudisha nguo siku watakayomrudisha mwenye nguo. Sarafu zikaisha nikiwa bado nataka kusema.

Ndipo jana wakaja. Mama yako amezeeka, baba. Amekuwa mdogo. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka karibu na moto, akashika mkono wangu na kuupapasa kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Shemeji Shadrack ndiye aliyeongea. Alisema ukoo umekaa, umeamua, mgomba umeshachaguliwa, na wewe ulikuwa mwanajeshi, kwa hiyo uzikwe kama mwanajeshi. "Lete ile kombati, shemeji. Tumpe heshima yake."

Nilipasuka. Nilimwambia heshima gani ya kumvisha mtu kitu kilichotengenezwa asionekane. Nilimwambia nguo hiyo imefanya kazi yake ikamaliza, haina haja ya kwenda naye kaburini kumficha mara ya pili. Nikamwambia na mengine, siyaandiki. Watoto walikuwa wanasikia. Shadrack akainuka aondoke.

Mama yako akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto, "Wewe unamngojea kama mke. Mimi ninamuona usingizini ananyeshewa. Anazunguka boma ananiuliza, mama, mlango uko wapi. Mtoto wangu hana mahali pa kulala. Niache nimlaze."

Kama yeye angekuwa na hasira ningekuwa na hasira zaidi. Lakini alikuwa amechoka tu, na anataka ulale, nami ninataka uamke, na sote wawili tunakupenda. Nikalia naye pale kwenye mkeka.

Hujui jinsi ninavyoogopa. Unazijua desturi zetu vizuri, si lazima nikueleze, lakini acha niziandike nizione kwa macho. Mtu aliyezikwa hapiti tena langoni. Ukirudi baada ya Jumamosi, umekonda, una ndevu, una miguu yako miwili, wale watakaokuona wa kwanza watakimbia. Wazee watakuzuia nje ya boma. Mama yako mwenyewe aliyekubeba hataruhusiwa kukupa maji, kwa sababu mwanawe amelala pale chini ya udongo na aliye mlangoni ni kitu kingine. Wanasema iko njia ya kulisafisha jambo kama hilo, lakini hakuna aliyeniambia imewahi kufanyika kwa nani. Kwa hiyo si kaburi ninaloliogopa. Ninaogopa kwamba tutakufungia nyumba ukiwa njiani.

Wanataka mimi niwe wa kwanza kulia langoni, kama inavyompasa mke. Nisipolia watasema ninajua uliko, au ni mimi niliyekula kichwa chako kwa uchawi. Nikilia, nimekuua kwa mdomo wangu. Mchungaji nimemuendea, akaniombea vizuri, akaniambia nifuate amani ya familia. Mama Chepkoech naye akaniambia, "Enda ulie, lakini usiamini." Hilo ndilo nimelichukua.

Nitakwenda. Mimi na Violet na Eliud tutaondoka Ijumaa. Nitalia langoni kwa ajili ya mama yako, na nitalia vizuri, kwa maana machozi hayataniwia magumu. Kombati nimeikatalia, na Shadrack amekubali kwa shingo upande. Mgomba utavaa suti yako ya harusi. Neno langu kwa yule kijana wa simu nimelivunja: ile nguo nimeikunja nimeipeleka kwa chifu airudishe kambini, mkono umeshonwa, vifungo vyote vimekazwa. Kuna kijana ataivaa. Namuombea imfiche pale anapotakiwa kufichwa, na Mungu afanye iliyobaki.

Sasa nisikilize, popote ulipo, kama barua hii inasomwa kwa sauti mahali au mwenye duka anaifungia chumvi kisha inakufikia. Ukirudi kabla ya Jumamosi, kimbia, pita kwa mama yako, uwakute wakichimba. Ukirudi baada ya hapo, usiende Maragoli. Usimtume mtu mbele. Njoo moja kwa moja huku Kericho, nyumba hii ni ya kazi yangu na ukoo hauna neno juu yake. Nitatoka kwenye mazishi yako nirudi hapa nikungojee. Usiogope kichwa changu kilichonyolewa kwa ujane, wala nguo nyeusi nitakazokuwa nimevaa. Ita jina langu lile la nyumbani, kwa sauti yako. Sitakuuliza kama wewe ni mtu au ni mzimu. Nitafungua.

Ni mimi mke wako, ambaye Jumamosi wataniita mjane,
Mama Violet