Alama ya Titi la Pili

Baba Elia,

Simu yako haipatikani huko msituni Ugalla, kwa hiyo namkabidhi mdogo wako Method barua hii. Mahindi tumevuna, mbuzi amezaa mapacha.

Ulipoondoka nilikuwa na uvimbe kwenye titi. Nikanyamaza, maana nyie warina asali mmekataza habari za ugonjwa kambini, mnasema nyuki watahama. Dada yako amenipeleka Mwanza kupigwa picha ya MRI. Kompyuta inayosoma picha hizo ikaweka alama nyekundu kwenye uvimbe, ikaweka nyingine kwenye titi la pili, ambako sikusikia kitu. Wakakata kinyama, wakapima. Kote ni kansa. Daktari akauliza kwa nini nimechelewa. Nilishindwa kumtajia nyuki.

Mwiko wenu nimeushika miezi mitatu. Nyuki wametulia?

Mkeo,
Pudensiana